Ruta Ipimwe Kabla ya Kufungwa

Kisiwani Pemba hakuna mkulima atakayekubali karafuu zake kavu zikadiriwe kwa macho. Hapana budi zipande mizani. Yashangaza basi kwamba ruta, yaani chombo kinachopokea data za mtandao na kuzielekeza zinakotakiwa, huingia shuleni kwa kuaminiwa namba ya sandukuni tu. Shauri langu ni kwamba kila sekondari yenye maabara ya kompyuta, iwe Chake Chake, Wete au Mkoani, iipime ruta yenyewe kabla ya kuifunga.

Namba ya sandukuni si uongo, ila haisemi yote. Ruta iitwayo ya megabiti 1200 kwa sekunde kwa kawaida ina redio mbili, moja ya 300 na nyingine ya 867, zilizojumlishwa. Na matundu ya waya ya baadhi ya ruta hizo hayapitishi zaidi ya 100.

Mizani tunayoihitaji ni kompyuta kuukuu yenye kadi mbili za mtandao, pamoja na Linux, mfumo usiotozwa ada ambao Linus Torvalds aliuanzisha mwaka 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki. Kadi moja huungwa kwa waya na upande wa ruta unaoelekea intaneti, ya pili na upande wa darasa. Hapa pana mtego. Linux ikiona kwamba anwani zote mbili ni zake, hupitisha data ndani kwa ndani bila kuigusa ruta, na mwanafunzi hushangilia mwendo ambao waya wake hauwezi kuubeba. Kwa hiyo kila kadi hutengewa eneo lake la mtandao ndani ya kompyuta ile ile, zisijuane. Ndipo data hulazimika kutoka nje na kupita katika ruta. Programu ya iperf huzituma na kupima mwendo wake.

Hata hivyo, kwangu mimi mwendo si kipimo kikubwa. Kipimo kikubwa ni foleni. Mwanafunzi mmoja akituma faili kubwa, ruta mbovu hulimbikiza data zake, na darasa zima husubiri nyuma yake. Basi yapimwe maulizo madogo ya kwenda na kurudi, kwanza ruta ikiwa tupu, kisha ikiwa imeelemewa. Tofauti ya muda ndiyo alama yake. Ruta nyingi zenyewe huendeshwa na Linux, na tangu 2012 mfumo huo una mpango wa kugawa foleni kwa haki, uitwao fq_codel, ingawa si kila mtengenezaji huuwasha.

Msomaji atauliza kama haitoshi mtaalamu kupima ofisini kwake mjini. Haitoshi, kwa kuwa ofisi yake ina njia nzuri. Linux yaweza kuiga njia mbaya: kuchelewesha data nusu sekunde, kama zipitiavyo setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta, au kupoteza baadhi yake. Nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika Mei 2024, Watanzania waliionja hali hiyo bila maabara.

Umeme nao usisahauliwe. Tangu 2010 Pemba huupata kwa waya upitao chini ya bahari kutoka Tanga, na hukatika. Ruta ikatiwe umeme mara kumi mfululizo. Ikisahau mipangilio yake hata mara moja, irudishwe dukani kabla dhamana haijaisha.