Usingoje mistari miwili ndipo ufikirie mgongo wa mtoto

Unakijua kile kijiti cha kupima mimba. Unakinunua kwenye kemisti kwa kunong'ona, unajifungia bafuni, unangoja mstari mmoja au miwili. Kuanzia miaka ya 1930 hadi 1960 hivi, kazi hiyo ilifanywa na chura. Mkojo wa mwanamke ulidungwa kwenye chura jike wa makucha, Xenopus, kutoka Afrika Kusini. Akitaga mayai kufikia kesho yake, basi mimba ipo.

Vipimo vya kisasa vilipokuja, wanasayansi hawakumtupa chura wao. Walimtaka kwa mayai yake: ni makubwa, yanapita milimita moja, na hukua majini, mahali unapoweza kuyatazama kwa darubini saa baada ya saa. Ana hata binamu Mkenya, Xenopus borealis, anayeitwa kwa jina la Marsabit.

Sasa nisikilize. Alichotufunza chura huyu kinakuhusu wewe wa miaka 20, hata kama huna mpango wa mtoto leo wala mwaka ujao.

Yai likishatungwa hugawanyika kuwa seli nyingi. Nani huamua ipi iwe ngozi na ipi iwe ubongo? Mwaka 1924 nchini Ujerumani, Hans Spemann na mwanafunzi wake Hilde Mangold walichapisha jibu. Walikata kipande kidogo kutoka kiinitete kimoja cha salamanda, wakakipandikiza upande wa tumbo wa kingine. Pale tumboni pakaota mgongo wa pili, na neva zake zilitoka hasa kwa seli za mwenyeji, ambazo zingekuwa ngozi tu. Kile kipande kilikuwa kinawapa majirani maagizo.

Miaka ya 1990, kwa kutumia Xenopus, baadhi ya maagizo hayo yalipatikana. Ni protini, zikiwemo Noggin na Chordin. Ajabu ni kwamba haziiambii seli "kuwa neva". Zinaziba ujumbe mwingine, wa protini iitwayo BMP, unaoisukuma kuwa ngozi. Ukinyamazishwa huo, seli inashika njia ya neva.

Lakini agizo bila mwendo halijengi mgongo. Fikiria foleni nne fupi pale Huduma Centre, halafu soja aseme wote waingie laini moja. Watu wanajipenyeza katikati ya wenzao, na foleni inakuwa nyembamba na ndefu. Seli za mgongoni hufanya vivyo hivyo. Zinashikana, zinavutana, zinajipenyeza, na kiinitete kilichokuwa kama mpira kinarefuka. Kisha kingo mbili za bamba la neva huinuka, zikakutana na kufungana kuwa mrija. Mrija huo ndio unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo.

Watafiti walipovuruga ishara zinazoelekeza seli zijipenyeze upande upi, viinitete vya chura vilibaki vifupi na vipana. Kingo zilikuwa mbali mno, hazikufikiana. Mrija ukabaki wazi. Kwa binadamu, mrija usipofungwa upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Na hitilafu katika jeni za mfumo huo huo wa ishara zimepatikana kwa baadhi ya watu wenye hali hiyo.

Kwa hivyo, ukisikia mtaani kwamba mama fulani alilaaniwa, au amerogwa, au alitembea usiku akiwa mjamzito, kataa. Usicheke na usinyamaze. Kilichotokea ni seli kutokutana kwa wakati.

Na wakati wenyewe ni mfupi. Kwa binadamu mrija huu hufungwa kufikia siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa. Piga hesabu. Hedhi hukosekana karibu wiki mbili baada ya mimba kutungwa. Ukijiambia "wacha ningoje kidogo, labda ni mawazo tu" kwa wiki mbili nyingine, kazi imekwisha, imefungwa au haijafungwa.

Hapo ndipo naona tunakosea kama nchi. Tembe za asidi ya foliki tunazipokea kliniki, ziara ya kwanza, na wengi hufika huko mimba ikiwa na miezi mitatu, minne. Bado zinasaidia damu ya mama, lakini kwa mrija zimechelewa. Ushahidi tunao tangu 1991: utafiti mkubwa wa Uingereza kwa akina mama waliowahi kupata mtoto wa aina hiyo ulionyesha kwamba foliki kabla ya mimba ilipunguza hatari ya kurudia kwa asilimia 72. Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 400 kila siku tangu mtu anapoanza kutafuta mtoto hadi wiki ya 12.

Utaniambia, "Mimi sitafuti mtoto." Sawa. Lakini mimba nyingi huja bila kubisha hodi. Ndiyo maana tangu 2012 sheria yetu inataka unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti uongezwe madini na vitamini, foliki ikiwemo. Sheria nzuri, ila unga wa posho mill haupitii huko, na ndio unaoliwa na wengi wasio na pesa.

Ombi langu ni dogo. Tembe hizi zipatikane bure mahali vijana tuko: zahanati za vyuo, vituo vya vijana, na pale tunapochukulia dawa za kupanga uzazi. Somo la bayolojia lisiishie kuchora kiluwiluwi na kuweka majina, bali liseme siku ya 28 ina maana gani.

Nawe usingoje serikali. Kula managu, sukuma wiki, ndengu na maharagwe. Angalia pakiti ya unga. Uliza bei ya foliki kwenye kemisti. Kama unatumia dawa za kifafa, au uliwahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, muone daktari kwanza, maana kipimo chako ni tofauti. Na wewe kaka, usijifanye hii ni habari ya wasichana. Ukiwa na uwezo wa kumnunulia chips, unaweza pia kumnunulia tembe.

Chura ametuonyesha mrija unavyofungwa. Kuwahi kabla haujafungwa ni juu yetu.