Kabla hujasaini fomu ya mwanao kupanda Kilimanjaro

Mwezi uliopita mama mmoja aliingia kliniki na kijana wake wa kidato cha tatu. Mkononi alikuwa na fomu ya shule: safari ya Mlima Kilimanjaro, siku tano, njia ya Marangu. "Daktari, nisainie tu hapo chini, gari linaondoka Ijumaa." Nikafungua daftari la kijana. Ana selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyouita ugonjwa huo. Sikusaini.

Kijana alilia. Mama alikasirika, maana hela ilishalipwa na mwanawe hakuwa ameugua tangu mwaka jana. Nawaelewa wote wawili. Mlima ule ni fahari yetu tangu Luteni Alexander Nyirenda alipowasha mwenge kileleni, Desemba 9, 1961. Sipingi watoto kupanda. Ninachopinga ni kuifanya fomu ya afya kuwa karatasi ya kugonga muhuri tu.

Kileleni, mita 5,895, kila pumzi ina karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata ukiwa Dar es Salaam. Mwili huweza kuzoea, lakini unahitaji siku. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Sasa tazama ratiba ya siku tano: kutoka Horombo, mita 3,720, hadi Kibo, mita 4,720, ni mita 1,000 kwa siku moja. Usiku huohuo watoto huamshwa waanze kupanda kileleni. Kuwa mchezaji hodari wa mpira hakumkingi mtu. Kijana mwenye nguvu huugua pia, hasa akipanda kwa kukimbia.

Ugonjwa wa mwinuko huanza kwa kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na kukosa hamu ya kula. Mwenye dalili hizo asipande juu zaidi mpaka ziishe. Akianza kuyumba kama mlevi, kusema yasiyoeleweka, au kuhema hali amekaa, basi ubongo au mapafu yameanza kujaa maji. Ashushwe saa ileile, hata kama ni usiku wa manane. Oksijeni na dawa humsaidia njiani, lakini tiba yenyewe ni kushuka.

Kisha kuna baridi. Usiku kule juu maji huganda, na wakati wa masika mvua inayotunyeshea sisi huku chini huweza kuwa theluji kule. Fulana ya pamba ikilowa hunyonya joto la mwili. Mtoto aliyekuwa akitetemeka, kisha akaacha na kuanza kusinzia, msidhani amepata nafuu. Mwili wake umeshindwa kujipasha joto. Macho nayo huunguzwa na mng'ao wa jua juu ya theluji, kwa hiyo miwani ya jua si ya mapambo.

Kwa mwenye selimundu hatari ni kubwa zaidi. Oksijeni ikipungua, seli nyekundu hujikunja na kuziba mishipa. Hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, anayeishi bila dalili yoyote, anaweza kuharibikiwa bandama akiwa kule juu. Wengi hawajui kama wamerithi, ingawa kipimo ni cha damu kidogo tu.

Kwa hiyo mzazi, kabla ya kusaini uliza mambo matatu. Je, mwanangu amepimwa selimundu, na pumu au ugonjwa wa moyo alionao umeandikwa? Safari ni ya siku ngapi? Na nani mwenye kauli ya mwisho ya kumshusha mtoto, bila kusubiri kundi zima? Kama hakuna anayeweza kukujibu swali la tatu, usisaini.

Najua walimu watasema kila siku ya ziada ina gharama: ada ya hifadhi, wapagazi, chakula. Ni kweli. Lakini hela isipotosha, punguzeni urefu wa safari kwenda juu, msipunguze siku za kuzoea. Watoto wakiishia Mandara, mita 2,720, wakaiona Kreta ya Maundi na msitu wake, watakuwa wamepanda Kilimanjaro na watarudi na hadithi nzuri.

Yule mama alirudi wiki iliyofuata. Hakuja na fomu. Alikuja na wadogo wawili wa yule kijana, akasema, "Daktari, na hawa wapime."