Vyungu vya maua vya bei nafuu: Rangi ipendeze, isimdhuru mtoto

Nyumba nyingi za mjini hazina nafasi ya bustani. Kinachobaki ni baraza, ngazi za kuingilia au kipande cha ukuta karibu na geti. Familia inayotaka maua au mboga kidogo hutegemea vyungu, na hapo ndipo bei inapokatisha tamaa. Kwa wauza miche wa kando ya barabara, chungu kikubwa cha saruji chenye rangi nzuri huweza kuuzwa ghali kuliko mmea wenyewe. Mzazi anayewaza ada na kodi ya nyumba hukitazama, akakisifia, akaendelea na safari.

Hata hivyo, vyombo vya kupandia mara nyingi viko nyumbani tayari. Ndoo iliyopasuka mshikio, dumu la mafuta ya kula, kopo la maziwa ya unga, sufuria iliyotoboka na beseni la zamani vyote vinaweza kubeba udongo. Kinachokosekana ni rangi tu, na kupaka rangi ni kazi ambayo watoto huifurahia kuliko kufagia uwanja.

Lakini mtoto huyo huyo anayeshika brashi ndiye wa kwanza kuathirika mambo yakikosewa. Kabla ya kuanza, mzazi anapaswa kujua mambo matatu: chombo kilibeba nini, rangi imetengenezwa kwa nini, na maji yanayotoka kwenye chungu yanakwenda wapi.

Chombo kilibeba nini?

Vyombo vilivyokuwa na chakula, mafuta ya kula au sabuni huoshwa vizuri na kutumika. Vilivyokuwa na dawa ya kuulia wadudu, dawa ya mashambani, oili chafu au maji ya betri havifai, hata vikisuguliwa mara kumi. Sumu hujificha kwenye plastiki, kisha ikaingia kwenye udongo na kwenye mikono ya mtoto anayeuchezea. Mzazi akinunua madumu yaliyotumika sokoni na muuzaji hajui yalibeba nini, ni heri ayaache.

Ndoo za rangi kutoka kwenye majengo nazo zina masharti. Iliyokuwa na rangi ya maji huweza kutumika kwa maua baada ya kuoshwa. Kwa mchicha, vitunguu majani au pilipili, atafute ndoo iliyokuwa ya chakula.

Rangi ya maji au ya mafuta?

Baadhi ya rangi za mafuta huwekwa madini ya risasi ili ziwe kali, zikauke haraka na zizuie kutu. Zinazotiliwa shaka zaidi ni njano, nyekundu na rangi ya machungwa, kwa sababu unga unaozipa ukali huo wakati mwingine hutokana na risasi. Kwa bahati mbaya, hizo ndizo rangi ambazo watoto huzichagua kwanza.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akimeza kiasi sawa na mtu mzima, mwili wake hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi. Madini hayo huathiri ubongo unaokua, yakapunguza uwezo wa kujifunza na utulivu darasani, na mara nyingi mzazi haoni dalili yoyote mapema. Mama mjamzito huweza kuyapitisha kwa mtoto aliye tumboni, hivyo naye asishiriki kazi ya kukwangua rangi ya zamani.

Kiwango kinachopendekezwa kimataifa ni risasi isiyozidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni moja ya rangi iliyokauka. Hakuna mzazi anayeweza kupima hilo dukani kwa macho. Anachoweza kufanya ni kununua rangi ya maji ya kuta za nje, iliyofungwa kiwandani na yenye maandishi yanayoonyesha kuwa haina risasi. Rangi iliyopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, isiyo na jina wala maelezo, aikwepe hata kama bei inavutia.

Mabaki ya rangi ya mafuta yaliyokaa stoo miaka mingi yasiguswe na watoto. Vivyo hivyo ndoo au sufuria yenye rangi ya zamani inayobabuka: isikwanguliwe ikiwa kavu, kwa sababu vumbi lake ndilo huingia mdomoni na puani. Chombo cha namna hiyo ni bora kuachana nacho.

Gharama hugawanyika

Lita 1 ya rangi ya maji hupaka takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Kwa ndoo za lita 10, hiyo inatosha ndoo zaidi ya 20 zikipakwa mara mbili upande wa nje. Ni nyingi kuliko mahitaji ya nyumba moja. Majirani watatu wakinunua kila mmoja rangi yake, mmoja nyeupe, mwingine bluu na wa tatu njano, kisha wakagawana, kila nyumba itapata rangi zaidi ya tatu. Bluu na njano huzaa kijani, na nyeupe hufifisha rangi yoyote. Hapo mtoto anajifunza somo la sanaa bila daftari.

Namna ya kupaka

Kwanza mtu mzima atoboe matundu manne au matano chini ya chombo. Bila matundu, mizizi huoza hata kama rangi ni nzuri namna gani. Kisha chombo kioshwe kwa sabuni, kisuguliwe kwa msasa kikiwa kimelowa, na kikauke kabisa. Plastiki inayoteleza haishiki rangi, ndiyo maana msasa hauepukiki.

Rangi ipakwe nje tu, safu mbili nyembamba. Safu ya kwanza ikauke ndipo ya pili ifuate, kwa sababu rangi nzito hubabuka haraka. Ndani kuachwe kama kulivyo. Makopo ya bati hupata joto kali juani, hivyo nyeupe au rangi nyepesi huyafaa zaidi kuliko nyeusi au bluu iliyokolea.

Chungu cha udongo kina tabia yake. Maji ya ndani hupenya ukuta wake na kusukuma rangi itoke, kwa hiyo mstari au michoro michache juu hudumu kuliko kukifunika chote. Vyungu vya Wakisi vinavyofinyangwa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, hupendeza bila kuongezwa rangi ya dukani.

Asiyetaka rangi kabisa anaweza kuomba vipande vya kitenge kwa fundi cherehani, akavizungushia kopo na kuvifunga kwa kamba. Kwenye baraza lenye paa hudumu vizuri, na vikichakaa hubadilishwa.

Watoto wavae nguo za zamani, wafanyie kazi nje penye hewa, na wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Walio chini ya miaka mitatu bado hutia kila kitu mdomoni. Hao wapewe kazi ya kujaza udongo baada ya rangi kukauka, huku mtu mzima akiwaangalia.

Maji yasituame

Sahani inayowekwa chini ya chungu ili kulinda sakafu ni mazalia ya mbu. Mbu anayeeneza homa ya dengue huuma mchana na hupenda maji yaliyotuama kwenye vyombo vidogo vya nyumbani. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa homa hiyo mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Yai la mbu huyo huweza kuwa mbu kamili katika muda wa wiki moja hivi.

Kumwaga maji peke yake hakutoshi, kwa kuwa mayai hushika kwenye kingo za chombo na huweza kuvumilia ukavu kwa miezi. Sahani isuguliwe kwa brashi angalau mara moja kwa wiki, au ijazwe mchanga unaonyonya maji. Matairi yaliyopakwa rangi yatobolewe chini, na vyungu ambavyo havijapandwa vifunikwe au vigeuzwe juu chini.

Kazi hiyo ya kila wiki inaweza kukabidhiwa mtoto wa shule ya msingi. Apewe chungu chake, alichokipaka mwenyewe, na mmea usiodeka kama mshubiri, mchaichai au mnanaa. Jumamosi amwagilie, asugue sahani, na amwonyeshe mzazi kabla ya kwenda kucheza.