Nyimbo za kwanza za vijana wetu zisifie ndani ya telefone



Wengi wanaomjua Baloji leo wanamjua juu ya filamu yake Augure, iliyopata tuzo kule Cannes mwaka 2023. Wachache wanajua kwamba alianza na rap, na wachache zaidi wamesikia albamu ya kwanza ya kikundi chake. Ninataka tuongee juu ya albamu hiyo, kwani inatuhusu sisi watu wa Katanga ya zamani.

Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Baba yake alimpeleka Ubelgiji akiwa bado mtoto mdogo. Akakomalia Liège, na pale wakaunda kikundi na wenzake, jina Malfrats Linguistik. Baadaye walichanganya herufi za neno Malfrats, wakapata Starflam (hesabuni, zinatimia zote). Mwaka 1998 wakatoa albamu yenye jina lile la kikundi. Umaarufu mkubwa ulikuja na albamu iliyofuata, Survivant, ya mwaka 2001, iliyowapa diski ya dhahabu kule Ubelgiji. Mwaka 2004 Baloji akatoka. Watu wakikumbuka Starflam wanakumbuka Survivant. Ile ya 1998 ni ya wapenzi wachache.

Mimi ninasema ile ya 1998 ndiyo ya kutafuta. Isikilizeni, halafu mara moja sikilizeni wimbo wa Baloji unaoitwa Le jour d'après, au Siku ya baadaye, kutoka albamu Kinshasa Succursale ya mwaka 2011. Pale amechukua Indépendance Cha Cha ya Grand Kallé, wimbo wa mwaka 1960 ambao wazee wetu wote wanaujua, na rap yake inakaa juu ya gitare za rumba. Katika albamu ya kwanza unasikia kijana wa Liège, anaongea Kifaransa cha rafiki zake wa kule. Katika hii, mutu yule yule anaupa wimbo wake jina la Kiswahili. Katikati, mwaka 2008, kulikuwa Hotel Impala, albamu aliyoifanya kama jibu la barua ya mama yake, aliyetengana naye tangu utoto. Anayesikia kazi ya 2011 peke yake anaweza kufikiri kwamba huyu alizaliwa na gitare ya Kongo mkononi. Hapana. Alitembea miaka 13 kusudi aifikie, na safari hiyo tunaweza kuipima kwa sababu hatua ya kwanza haikutupwa.

Hata Wamarekani wa Linkin Park, wale waliochanganya rap na gitare nzito za rock, walianza hivyo. Mwaka 1999 walitoa CD ndogo ya nyimbo sita, kopi kama 1,000 tu. Mwaka uliofuata albamu yao kubwa ikaenea dunia yote. Mwaka 2020 zile nyimbo sita zilitolewa upya ndani ya sanduku la kuadhimisha miaka 20, na watu wakalipa pesa. Kama mmoja wao angezifuta kusudi apate nafasi ya picha, wangeuza nini?

Sasa turudi hapa kwetu. Kijana anarekodi ndani ya chumba, ordinatere moja, mikro moja, godoro ukutani kwa kuzuia kelele. Wimbo unapita telefone hadi telefone, unachezwa kwenye arusi mbili tatu. Halafu telefone inaibiwa, ao inaanguka ziwani kwenye mtumbwi, ao kadi inajaa. Mwenye ordinatere naye anaisafisha kwa sababu ya virusi. Miaka miwili ikipita, muimbaji mwenyewe hana wimbo wake.

Nimesikia vijana wakisema: acha zipotee, zile za kwanza zilikuwa mbaya. Ni kweli, mara nyingi ni mbaya! Mikro inapuliza, gitare haikukazwa vizuri. Lakini ubaya ule ndio unaonyesha mutu ametoka wapi. Na wazee wanaosema rap ni kelele tu, wakumbuke kwamba rumba yao pia iligombezwa na baba zao.

Kirungu tusingepaswa hata kuelezwa jambo hili. Misioni ya hapa ilianzishwa mwaka 1893. Hapa ndipo Stefano Kaoze alipewa upadri mwaka 1917, padri wa kwanza mkongomani wa wakati wetu. Miaka saba mbele ya siku ile, akiwa bado mseminari, maandiko yake juu ya mawazo ya Wabantu yalianza kuchapishwa. Maprofesa wanayasoma hadi leo. Yalikuwa kazi ya kijana anayejifunza, sawasawa na wimbo wa kwanza, na kuna mutu aliyeona inafaa kuitunza.

Kuna pia neno la haki. Sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda kazi ya mtunzi, na SOCODA iko kwa ajili ya haki hizo. Lakini siku muimbaji wa mji mkubwa atakapochukua korasi yako, utaonyesha nini kama wimbo ulikufa pamoja na telefone?

Ninachoomba hakihitaji mradi wala wafadhili. Kila redio ya jamii, hapa na Moba-Port, iwe na diski moja ya nje na daftari moja. Wimbo ukiletwa kuchezwa, kopi inabaki. Katika daftari waandike tarehe, jina la aliyeimba, aliyepiga, aliyerekodi, na kijiji. Kopi ya pili iende Kalemie kwa mashua, kwa sababu redio inaweza kuibiwa usiku mmoja. Vijana nao walete hata zile wanazozionea haya, mbele ya kubadilisha telefone.

Wakurugenzi wa redio, diski ya kwanza tunaweza kuchangia hata kesho. Nani kati yenu atatoa kabati yenye kufuli?