Jiliwa Lenye Kutu Lisiuzwe

Wenzangu, nyuma ya karakana yetu liko jiliwa kuukuu, limeshika kutu hata mkono wake haugeuki. Wengine wasema liuzwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, tungojee jipya. Mimi sikubali. Si uzee uliolifikisha hapo, ni sisi tulioliacha mvuani.

Kutu hiyo ni ya juu juu. Chuma chenyewe kingali kizima. Tutie mafuta ya taa katika hesi za skrubu yake, tungoje siku mbili tatu, kisha tugeuze mkono polepole, mbele na nyuma. Nyundo isitumike, kwani chuma cha kalibu hakipindiki, huvunjika. Likiisha kufunguka, vipande tuviloweke katika siki usiku mmoja, tuvisugue kwa brashi ya waya, tuvioshe kwa maji yenye magadi, tuvikaushe upesi na kuvipaka grisi.

Leo wanafunzi 30 twagombania jiliwa moja tu. Tena, fundi asiyejua kutunza chombo chake atamtengenezea nani? Tuanze Jumamosi hii. Usiache mbachao kwa msala upitao.