Mbwa Akijikuna, Tutafute Kwanza Kinachomwasha

Mwezi huu tutoke kidogo chumbani kwa watoto, twende uani kwa mlinzi wetu wa miguu minne. Mvua zikinyesha na majani kuanza kuchanua, mbwa wengi huanza kujikuna. Atajiuma mgongoni, atajilamba miguu, atajisugua ukutani, na usiku hatulali kwa kishindo chake mlangoni. Wengi wetu husema, "Ni uchafu tu, aogeshwe." Nasi tulisema hivyo hivyo, tukakosea.

Bobi wetu alipoanza kujikuna, tulimwogesha kwa sabuni ya unga ya kufulia mara tatu kwa wiki. Ngozi ikakauka na kupasuka. Jirani akatushauri tumpake oili chafu ya gari. Tulimpaka, akajilamba, usiku akatapika. Siku chache baadaye kitindamimba wetu, ambaye hulala akimkumbatia Bobi barazani, akatoka vipele tumboni na mikononi. Sisi na uuguzi wetu tulimpaka mtoto dawa ya upele mara mbili, tukachemsha mashuka yote. Vipele vilipungua, kisha vikarudi. Mbwa hatukumfikiria kabisa.

Daktari wa mifugo alikwangua ngozi ya Bobi pembeni mwa masikio, akatazama kwa darubini, akatuonyesha vidudu vya upele. Vidudu hivyo vya mbwa humwasha binadamu, lakini haviwezi kuendeleza kizazi chao katika ngozi yake. Bobi alipotibiwa, mtoto naye akapona. Tulikuwa tunafuta maji sakafuni huku bomba likiendelea kuvuja.

Somo tulilopata ni hili: kuwashwa ni dalili, kama homa ilivyo kwa mtoto. Mtoto akiwa na homa hatumpi dawa ya malaria bila kupima damu. Na mbwa tumtendee vivyo hivyo.

Mahali anapojikuna hutueleza mengi

Akijiuma zaidi kiunoni, kwenye shina la mkia na mapajani, tufikirie viroboto. Mbwa mwenye mzio, au aleji kama tulivyozoea kusema, huwashwa na mate ya kiroboto. Kuumwa mara chache tu kwatosha kumsumbua siku nyingi, kwa hiyo tusiseme hana viroboto kwa kuwa hatuwaoni. Tumchane manyoya juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Chembe nyeusi zikiyeyuka na kutoa rangi nyekundu ya kutu, hicho ni kinyesi cha viroboto chenye damu.

Akijikuna kingo za masikio, viwiko na tumbo, na manyoya yakinyonyoka, tufikirie upele. Ikiwa na watoto nyumbani wanajikuna, tusichelewe.

Lakini akijilamba nyayo, akijisugua uso, na masikio yakiwa mekundu na kutoa harufu, huenda ni mzio wa chavua, yaani unga wa maua ya majani na miti. Sisi chavua hutupigisha chafya; mbwa humsumbua zaidi kwenye ngozi. Kwa kawaida mzio huu huanza akiwa na umri kati ya miezi 6 na miaka 3, na hurudi msimu ule ule kila mwaka. Tuandike kwenye kalenda siku anapoanza kujikuna. Akijikuna mwaka mzima, chanzo chaweza kuwa vumbi la ndani au chakula.

Nafuu tunayoweza kumpa nyumbani

Tuanze na viroboto hata kama tunashuku chavua, maana mara nyingi vyote viwili huenda pamoja. Viroboto tunaowaona mwilini ni sehemu ndogo tu. Mayai na watoto wao wako kwenye matandiko, nyufa na mikeka. Tufue matandiko yake kwa maji ya moto kila wiki, tufagie vizuri, na tutibu mbwa wote wa nyumbani kwa pamoja. Tuendelee kwa miezi 3, kwani kiroboto aliye ndani ya kifuko chake aweza kungoja muda mrefu.

Akitoka majanini, tumpanguse miguu na tumbo kwa kitambaa chenye maji, kisha tumkaushe katikati ya vidole. Mara moja kwa wiki tumwogeshe kwa maji ya baridi ya kiasi na shampuu ya mbwa. Tuiache povu dakika 10, tusuuze mpaka maji yawe meupe.

Tusiyoyafanya

- Tusimpake oili chafu, mafuta ya taa wala dawa ya josho la ng'ombe kwa kukadiria. Hulamba, na sumu humwingia.
- Tusimpe vidonge vyetu vya maumivu kama ibuprofeni, diklofenaki au paracetamol.
- Tusimpake paka dawa ya mbwa yenye permethrini. Yaweza kumwua.
- Tusirudie prednisoloni iliyobaki. Hutuliza haraka, lakini humtia kiu, njaa na mkojo mwingi, na huweza kuficha upele unaoendelea.

Twende kwa daktari wa mifugo mapema tukiona usaha, kidonda chenye majimaji, harufu mbaya au manyoya kunyonyoka, au akikataa kula. Anazo dawa za viroboto na upele zinazopimwa kwa uzito wa mbwa. Kwa mzio mkali vipo pia vidonge vya oklasitinibu, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, ambavyo hutolewa kwa usimamizi wake. Mzio wa chavua kwa kawaida hauponi moja kwa moja. Hutulizwa, msimu baada ya msimu.

Bobi sasa ana manyoya yake yote, na mvua zikianza tunaweka kitambaa na karai mlangoni. Kitindamimba ndiye mwenye kazi ya kumpangusa miguu, na hakubali mtu mwingine aifanye. Nanyi jioni ya leo, mwiteni mbwa wenu karibu, mfunueni manyoya, mtazame. Tukutane mwezi ujao.