Upepo wa Tumbo si Sababu ya Kuikimbia Mbaazi



Hapa Malolo, kama katika sehemu nyingine za Nachingwea na Ruangwa, mbaazi na kunde ni neema ya mashamba yetu. Lakini twawasikia vijana, na hata baadhi ya wazee, wakizikimbia kwa kuwa huleta upepo tumboni, na upepo huvunja udhu. Badala yake hutaka sembe nyeupe na viazi vya kukaanga. Yafaa tulitazame jambo hili kwa elimu, asije mtu akakimbia upepo akaangukia maradhi ya moyo.

Tumbo la mwanadamu haliwezi kusaga kila kilichomo katika mbaazi. Nyuzinyuzi zake hufika utumbo mpana zikiwa nzima, na huko wamo vijidudu wasiohesabika ambao Mwenyezi Mungu amewawekea riziki yao humo. Wao huzichachusha, kama hamira ichachushavyo unga wa maandazi. Upepo ni moshi wa kazi hiyo. Faida yake ni asidi nyepesi zinazoulisha utumbo. Tena baadhi ya nyuzinyuzi hunasa nyongo na kutoka nayo. Ini hulazimika kutengeneza nyongo mpya, nalo huitengeneza kwa lehemu itokayo katika damu. Hivyo lehemu mbaya hupungua, na sukari huingia katika damu polepole. Lakini tufahamu: si upepo unaosafisha damu, wala mwenye upepo mwingi si lazima awe mzima kuliko mwenziwe.

Hugh Trowell, tabibu aliyefanya kazi miaka mingi Kenya na Uganda, aliona kuwa maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa nadra mno kwa Waafrika, hata mwaka 1956 yeye na mwenziwe wakaandika habari za mgonjwa mmoja tu. Mwaka 1975 yeye na Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji Kampala, walitoa kitabu kilichohusisha maradhi hayo na vyakula vilivyokobolewa. Chakula si sababu peke yake, lakini leo presha na kisukari vimo majumbani mwetu.

Basi, enyi mama wa nyumba, rowekeni mbaazi usiku kucha, mwageni maji yake, mzipike ziive sana. Asiyezizoea aanze kwa kidogo. Mwenye maumivu makali, damu chooni, au kukonda bila sababu, na aende hospitali. Wala mgonjwa asiache dawa zake kwa kutegemea mbaazi.

Nanyi vijana, msimcheke aliyetokwa na upepo, kwani Mtume (S.A.W.) alikataza kumcheka mtu kwa jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya. Aliyevunjikiwa na udhu atatawadha tena, nayo ni kazi ya dakika chache; lakini moyo ukiharibika, kuutengeneza si kazi nyepesi.

Wabillahi tawfiq.